Halmashauri ikikuzungusha, pa kulalamika papo

Mkazi wa Haydom aliyechoka na "njoo kesho" ya halmashauri anaweza kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora (THBUB), Dodoma. Ni bure, kwa barua au kwa mdomo. Ila shauri likishafika mahakamani, Tume hailigusi.

Tume huitaka ofisi ijieleze, huchunguza au kusuluhisha, kisha hutoa mapendekezo. Hapo ndipo pagumu, maana mapendekezo si hukumu. Wanakijiji wa Nyamuma, Serengeti, waliolalamikia kuhamishwa kwa nguvu mwaka 2001, walishinda mbele ya Tume lakini serikali ikagoma. Ilibidi shauri lifike Mahakama ya Rufani, iliyosema mapendekezo hayo yanaweza kutekelezwa kupitia mahakama.