Kompyuta za mtumba (3): Kuzungusha skrini ya kompyuta mpakato geuzi

Kompyuta mpakato geuzi za zamani zina kioo kilichoshikwa na bawaba moja tu, katikati. Kioo huzungushwa, kikalazwa juu ya kibodi uso ukitazama juu, na mashine ikawa ubao wa kuandikia kwa kalamu. Umbo hili lilienea baada ya Microsoft kutoa Windows XP Tablet PC Edition mwaka 2002, likadumu mpaka zilipokuja bawaba za kukunja nyuzi 360.

Mfano mzuri ni ThinkPad X220 Tablet ya Lenovo, iliyotoka mwaka 2011. Ina kioo cha inchi 12.5 chenye nukta 1366 kwa 768, kalamu ya Wacom, na katika baadhi ya mashine hizo, kugusa kwa vidole pia. Prosesa yake ni Core ya kizazi cha pili. Windows 11 haiitambui rasmi prosesa hiyo, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayeinunua leo hufanya vyema kuiwekea Linux. Hapo ndipo shida huonekana: kioo kimelazwa, mashine imesimamishwa wima ili hati isomeke kwa urefu, lakini maandishi yamelala ubavu.

Wengi hudhani kazi ni moja. Ziko tatu: kugeuza picha, kugeuza vipimo vya kalamu na vidole, na kuiwezesha kompyuta itambue yenyewe wakati wa kufanya hivyo. Kila moja ina programu yake. Anayekimbilia ya tatu kabla mbili za kwanza hazijakaa sawa atasumbuka bure, kwa sababu hatajua kosa limeanzia wapi.

Kugeuza picha ni rahisi. Katika mazingira mepesi kama XFCE, yanayotumia mfumo wa maonyesho wa X, hufunguliwa dirisha la amri na kuandikwa xrandr peke yake ili kujua jina la kioo. Kwa kawaida ni LVDS-1, au LVDS1 pale draiva ya zamani ya Intel inapotumika; alama hiyo moja ya kistari imewapotezea watu muda mwingi. Kisha huandikwa:

xrandr --output LVDS-1 --rotate right

Picha huzunguka papo hapo kuelekea kulia. Neno left huipeleka kushoto, inverted huipindua juu chini, na normal huirudisha ilivyokuwa. Katika mazingira yanayotumia Wayland, amri hii haizungushi kitu. Huko kazi hufanywa ndani ya mipangilio ya skrini yenyewe.

Kazi ya pili ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo kiini cha jambo lote. Kifaa kinachosoma kalamu hakijui kwamba picha imegeuzwa. Kinaendelea kupima kutoka kona ileile ya kiwandani, juu kushoto. Picha ikiwa imezungushwa kulia na kompyuta imeshikwa wima ipasavyo, kona hiyo sasa iko chini kushoto mbele ya mtumiaji. Akiigusa kwa kalamu, kishale hutokea juu kushoto. Akisogeza kalamu kwenda juu, kishale huenda kulia. Lakini akigusa katikati kabisa ya kioo, kishale hukaa palepale panapostahili, maana kitovu hakihami hata picha ikizungushwa vipi. Ndiyo sababu jaribio lifanywe kwenye kona, wala si katikati.

Tiba iko katika safu tatu za tarakimu ambazo X huzitumia kubadili vipimo vya kifaa. Upana na urefu wa kioo huhesabiwa kuanzia 0 hadi 1. Kwa mzunguko wa kulia, kipimo kipya cha mlalo ni kile cha wima cha zamani, na kipimo kipya cha wima ni 1 kutoa cha mlalo cha zamani. Hesabu hiyo huandikwa 0 1 0 -1 0 1 0 0 1, na hupewa kifaa kwa amri ya xinput set-prop chini ya sifa iitwayo Coordinate Transformation Matrix. Kwa mzunguko wa kushoto ni 0 -1 1 1 0 0 0 0 1.

Mwenye kalamu ya Wacom ana njia fupi zaidi. Amri ya xsetwacom hupokea neno moja: Rotate cw huendana na right, ccw na left, half na inverted, na none na normal. Ichaguliwe njia moja kati ya hizo mbili. Zikitumiwa pamoja, vipimo huzungushwa mara mbili na kalamu hupotea tena. Izingatiwe pia kwamba kalamu moja huonekana kama vifaa viwili, ncha na kifutio, na vidole ni kifaa cha tatu. Amri ya xsetwacom --list devices huvitaja vyote, na kila kimoja kinataka amri yake. Kifutio kikiachwa, mtu ataandika vizuri ukurasa mzima, kisha ageuze kalamu kufuta neno moja na kukuta mstari mwingine ndio uliofutika.

Amri hizi zote hukusanywa katika skripti moja inayopokea neno right au normal. Hapo ndipo kazi ya tatu huanza.

Kompyuta mpya hutegemea kihisi cha mwelekeo, kinachosomwa na programu ya iio-sensor-proxy. Kwa mashine za bawaba moja, kufuata bawaba ni bora, kwa sababu picha haitageuka ovyo kila mwandishi anapoinamisha ubao wake. Draiva ya thinkpad_acpi huandika 1 kioo kinapolazwa na 0 kinapoinuliwa, katika faili la /sys/devices/platform/thinkpad_acpi/hotkey_tablet_mode. Njia nyepesi ni skripti kusoma faili hilo kila baada ya sekunde moja au mbili, na kugeuza picha pale tu tarakimu inapobadilika. Iwekwe kwenye orodha ya programu zinazoanza mtumiaji anapoingia. Wanaotumia badala yake acpid, huduma inayoendesha skripti mara tukio la mashine linapotokea, hukwama mara kwa mara mahali pamoja: skripti huendeshwa na root, yaani msimamizi wa mfumo, ambaye hana ruhusa ya skrini ya mtumiaji, hivyo ni lazima ielezwe DISPLAY na XAUTHORITY zake.

Baada ya hapo hubaki dosari moja ndogo. Herufi za skrini iliyosimamishwa wima huweza kuonekana na ukungu wa rangi pembeni, kwa kuwa ulainishaji wake umekadiriwa kwa nukta nyekundu, kijani na buluu zilizopangwa kwa mlalo, ilhali sasa zimepangana kwa wima. Katika mipangilio ya mwonekano ya XFCE, kwenye sehemu ya fonti, mpangilio huo wa nukta uzimwe, na ulainishaji wa kawaida uachwe.