Wamehama Ngoma, Hawajahama Udugu

Mwanafunzi wa kwaya akihamia shule nyingine, kisha akaonekana upande wa pili katika tamasha la muziki, wenziwe wa jana humwita msaliti. Neno hili ni zito mno, nasi walimu huliachilia lipite.

Huko Marekani kuna vikosi vya vijana wapigao tarumbeta na ngoma huku wakiandamana uwanjani kwa mpango maalumu. Mwaka 1972 fainali zao za kitaifa zilifanyika Whitewater, Wisconsin. Kila kiangazi husafiri kwa mabasi, hulala sakafuni katika kumbi za shule na kufanya mazoezi juani kutwa. Umri nao una kikomo: ukishapita miaka 22 hivi, huna nafasi tena. Ndiyo maana aliyeanzia kikosi kidogo aghalabu hukiaga akajaribu bahati yake kwa Blue Devils au Santa Clara Vanguard, vyote vya California, kabla wakati haujampita.

Je, amesaliti? Aliyemfunza kushika vijiti, na aliyelala ubavuni mwake sakafuni, hawafutiki kwa kubadili sare. Hata Kingi na Scotchi wa beni, kule Mombasa, walishindana vikali ilhali ni watu wa mji mmoja.

Mimi nilihama kwaya nikiwa kidato cha tatu. Mwimbaji wa besi aliyeniita msaliti mbele ya waamuzi ndiye aliyenisimamia harusini. Hadi leo hajaniomba radhi, wala sijamdai.