Jinsi kompyuta inavyofuatilia tope la Mto Sabaki baharini

KILA msimu wa mvua, bahari iliyo kandokando ya mji wa Malindi hugeuka rangi ya kahawia.

Chanzo ni Mto Sabaki, ambao katika nyanda za juu huitwa Athi, hupitia Ukambani, huitwa Galana baada ya kuungana na Mto Tsavo, na hatimaye humwaga udongo wa bara katika Bahari Hindi, kaskazini mwa mji huo.

Swali linalowahusu wavuvi, wenye hoteli na walinzi wa Mbuga ya Kitaifa ya Baharini ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka wa 1968, ni moja: tope hilo litaelekea wapi? Matumbawe huhitaji mwanga wa jua, na tope likitanda huuzuia.

Wataalamu hutafuta jibu kwa kutumia kielelezo cha kompyuta. Kwanza, bahari hugawanywa katika miraba, na kila mraba hupewa kina chake. Kisha programu hulishwa wingi wa maji ya mto, kiasi cha udongo uliomo, upepo, na kupwa na kujaa kwa maji.

Ukubwa wa chembechembe nao ni muhimu. Mchanga mwembamba wa milimita 0.1 huzama mita 10 kwa dakika 20 hivi, ilhali chembe moja ya mfinyanzi huhitaji wiki kadhaa. Hata hivyo, chumvi ya bahari huzigandamanisha chembe hizo, zikazama upesi zaidi.

Upepo ndio huamua mengi. Wakati wa kaskazi, tope husukumwa kusini, kuelekea mjini na kwenye matumbawe. Kusi inapovuma, hupelekwa kaskazini, upande wa Ngomeni.

Matokeo hutolewa kama ramani za rangi, saa baada ya saa. Anayezitazama hana budi kuwa mwangalifu. Matokeo ya siku za mwanzo hutupwa, kwa kuwa kielelezo huanza na bahari iliyotulia, hali isiyokuwepo kamwe.

Pia, kutazama uso wa maji pekee hupotosha. Maji ya mto ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo huelea juu yakiwa yamebeba tope, huku mchanga mzito ukiwa umekwisha kutua chini. Sharti tabaka zote zikaguliwe, na ramani zilinganishwe na picha za setilaiti pamoja na maji yaliyotekwa na kupimwa. Zisipolingana, kielelezo ndicho hurekebishwa, si vipimo.

Lakini kompyuta haipunguzi hata kijiko kimoja cha udongo. Huonyesha tu mwisho wa safari. Mwanzo wake uko mashambani, mamia ya kilomita kutoka Malindi, ambako mkulima anayechimba matuta huhifadhi rutuba yake na, bila kujua, hulinda matumbawe ambayo huenda hatayaona maishani.