Rusumo, Mlango wa Mto Kagera

Fungueni ramani ya Afrika ya Mashariki, mlitafute Ziwa Viktoria. Upande wake wa magharibi mtaona mto mmoja ukiingia ziwani, kaskazini ya Bukoba. Huo ndio Kagera, mto mkubwa kuliko yote iingiayo katika ziwa hilo. Sasa ufuateni kwa kidole, kinyume cha mwendo wa maji. Kwanza mtakwenda magharibi, karibu na mpaka wa Uganda. Kisha mtapinda kusini, Rwanda ikiwa mkono wenu wa kuume, na Karagwe na Ngara mkono wa kushoto. Mtapita nchi ya vinamasi na mafunjo, ambako mto umetanda hata ni vigumu kujua ukingo wake uko wapi. Mwisho mtafika mahali ambapo vilima vimeusonga mto pande zote mbili. Hapo ndipo Rusumo, katika wilaya ya Ngara.

Jina hilo latokana na neno la maporomoko ya maji katika lugha za pande zile. Juu kidogo ya maporomoko mito miwili hukutana. Mmoja ni Ruvubu, utokao Burundi. Wa pili ndio Kagera wenyewe, uletao maji ya Nyabarongo kutoka Rwanda. Maji hayo yote, yakiisha kuungana, hayana njia ila ufa mmoja wa mwamba, upana wake kadiri ya mita 40, na hapo huanguka kadiri ya mita 15. Wembamba huo ndio asili ya mji. Penye mafunjo msafiri hakupata pa kuvukia. Lakini hapa mto ulikuwa na kingo mbili imara, na mtu wa ng'ambo hii aliweza kumwona wa ng'ambo ile. Kwa hiyo njia za watu zilikusanyika hapa, kama mito yenyewe ilivyokusanyika.

Wazungu walifika wakitafuta chemchemi ya Nile, maana maji ya Kagera hutokea tena katika Nile huko Jinja. Mwaka 1898 Mdachi mmoja, Richard Kandt, alifika penye makutano ya mito miwili ili ajue upi ndio mkubwa. Akachagua ule wa Rwanda, akaufuata mpaka msitu wa Nyungwe. Mwaka 1937 Mdachi mwingine, Burkhart Waldecker, alifuata maji ya Ruvubu mpaka Rutovu, katika milima ya Burundi. Hata leo Rwanda na Burundi kila moja huonyesha wageni chemchemi yake.

Kabla ya Kandt alipita Gustav Adolf von Götzen. Alitoka pwani ya Pangani, na mwezi wa Mei mwaka 1894 akavuka mto hapa Rusumo, akaingia Rwanda kumwona mfalme Rwabugiri, kisha akaendelea hata bahari ya magharibi kwa njia ya Kongo. Huyo ndiye aliyekuwa gavana wa Wadachi wakati wa vita vya Maji Maji, mwaka 1905. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya kwanza, askari wa Wabelgiji walivuka kutoka Rwanda, wakashika Biharamulo, wakafika hata Tabora. Vita ilipokwisha Waingereza na Wabelgiji wakagawana nchi. Mwaka 1919 Waingereza walipewa Gisaka, yaani nchi iliyo ng'ambo ya mto, maana walitaka nafasi ya kupitisha reli kutoka Uganda. Basi kwa muda mfupi kingo zote mbili za Rusumo zilikuwa chini ya Waingereza. Reli haikujengwa. Mwishoni mwa mwaka 1923 Gisaka ikarudishwa Rwanda, na mto ukawa mpaka tena. Watu wa Gisaka hawakuulizwa walipotolewa.

Mwaka 1972 lilijengwa daraja la kupitisha gari moja tu kwa zamu. Juu ya daraja hilo jembamba lilitokea jambo ambalo wazee wa Ngara hawatalisahau. Aprili 1994, miaka mia tangu von Götzen kuvuka, mauaji ya kimbari yalikuwa yakiendelea Rwanda, na Watutsi wakiuawa kwa maelfu. Mto ulileta maiti, zikaanguka pamoja na maji na kuchukuliwa mpaka Ziwa Viktoria. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili, jeshi la waasi lilipokaribia, watu kadiri ya 250,000 walivuka daraja kwa muda wa saa ishirini na nne hivi, wengi wao Wahutu, wakiwa na magodoro, vyungu na watoto mgongoni. Miongoni mwao walikuwamo wasio na hatia, na wauaji pia. Waliwekwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara. Vilima vya karibu vilikatwa miti kwa ajili ya kuni. Desemba 1996 watu hao walirudishwa kwao kwa daraja lile lile. Leo Benaco ni mji wa biashara, penye njia panda ya kwenda Ngara. Anayeishi huko na aulize nyumbani kwao: wengi waliuona umati ule kwa macho yao.

Siku hizi mlango huu hupitisha mizigo. Rwanda haina bahari, na shehena zake nyingi hushushwa Dar es Salaam, zikaja kwa malori kwa njia ya Dodoma, Singida, Kahama na Lusahunga: mafuta ya magari, ngano, vyuma na nguo. Kahawa, chai na madini hutoka Rwanda kwa njia hiyo hiyo. Daraja jipya la mita 80, la magari kupishana, lilijengwa kwa msaada wa Japani, likafunguliwa rasmi Aprili 2016. Zamani dereva alikaguliwa mara mbili, upande huu na upande ule. Sasa hukaguliwa mara moja, katika nchi aingiayo. Kila siku iliyopungua ya kungoja ni faida kwa mwenye mzigo, ingawa mama muuza chakula humpoteza mteja aliyekuwa akilala. Tena, dereva aliyeshika kushoto Tanzania hana budi kushika kulia afikapo Rwanda.

Nguvu za maporomoko zenyewe zilikaa bila kutumika muda mrefu. Tarehe 24 Agosti 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia sahihi hapo hapo Rusumo mkataba wa kuliendeleza bonde la Kagera, na umeme ulikuwa miongoni mwa makusudi yake. Shirika lililoundwa lilivunjwa mwaka 2004 bila kujenga bwawa. Kazi ilianza mwaka 2017. Maji huzuiwa juu ya maporomoko, hupitishwa katika handaki ndani ya mwamba, huzungusha mitambo mitatu, kisha hurudi mtoni. Mwaka 2023 umeme ukaanza kutoka. Nguvu yake yote ni megawati 80, nayo hugawanywa sawasawa kwa nchi tatu. Nyaya za Rwanda huelekea Kigali, za Burundi Gitega, na zetu huja Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo.