Majimaji ya Uke: ya Afya na ya Maradhi

Mwanamke aliyebaleghe hutokwa na ute tangu hedhi yake ya kwanza mpaka itakapokatika, na ute huo, madhali ni mweupe au mwangavu, hauwashi wala haunuki vibaya, si maradhi wala si jambo la kuonea haya, hata ukizidi wakati wa mimba au katikati ya mwezi, siku zile yai linapopevuka. Ukeni hukaa vijidudu vyema, ambavyo tabibu wa Kijerumani Albert Döderlein alivieleza mwaka 1892, navyo hutengeneza asidi iliyo mlinzi wa mahali hapo, kwani vijidudu vingi vya maradhi havistawi ndani yake.

Ajabu ni kwamba mlinzi huyo mara nyingi hufukuzwa na mwanamke mwenyewe. Wako waoshao ndani kwa sabuni ya kunukia, kwa maji ya ndimu au ya shabu, wengine kwa shauri la jirani, wengine kwa kutaka kumridhisha mume, wote wakidhani wanazidisha usafi. Ilhali hata sheria ya Kiislamu ya tohara, ambayo watu wa pwani hawakosi kuitaja katika mazungumzo haya, haimlazimishi mwanamke kuosha ndani ya uke, na tabibu naye asema vivyo hivyo: kuosha nje kwa maji kwatosha. Asidi ikipungua, bakteria wengine huzaana kwa wingi, na ute huwa mwepesi, wa kijivujivu, wenye harufu ya shombo izidiyo baada ya jimai. Na mwenye kuisikia harufu hiyo akakimbilia kujiosha zaidi huongeza taksiri juu ya taksiri. Dawa yake ni metronidazoli, aghalabu miligramu 400 au 500 mara mbili kwa siku kwa muda wa siku 7, nayo humalizwa yote hata kama harufu imetoweka siku ya tatu.

Fangasi ni habari nyingine. Hao wamo mwilini mwa wanawake wengi bila ya kudhuru, ila huchachamaa wakati wa mimba, au kisukari kisipodhibitiwa, au mtu atokapo kunywa viuavijasumu, wakaleta mwasho mkali na ute mzito kama mtindi. Tiba yake ya kawaida ni vidonge vya klotrimazoli vya kuingiza ukeni.

Lakini tazama mambo yaendavyo dukani: mwanamke huinama karibu na kaunta akanong'ona, "Kaka, nipatie ile dawa ya fangasi," naye muuzaji, kwa kumsitiri, humfungia upesi bila ya kumwuliza rangi wala harufu, na baada ya wiki chache mteja yuko pale pale akinunua ile ile. Huenda alicho nacho ni trikomona, kijidudu ambacho Alfred Donné alikiona kwa hadubini mjini Paris mwaka 1836, kiletacho ute wa manjano au wa kijani wenye povu, ambacho dawa ya fangasi haikiponyi. Huyu hana budi kutibiwa pamoja na mwenziwe, na wote wawili wajizuie na jimai mpaka wapone. Mume akiona fedheha kumeza vidonge, maradhi yatarudi nyumbani.

Kisonono na klamidia ni hadaa zaidi, kwani wengi hawaoni dalili yoyote hadi mirija ya uzazi imekwisha dhurika. Kwa hiyo ute usio wa kawaida ukifuatana na homa au maumivu chini ya kitovu, au ukimpata mjamzito, dukani si mahali pake, aende hospitali.

Na ute wenye damu au uvundo, hasa kwa aliyekoma hedhi, huweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi, na mwenye kuuona asikawie kupimwa. Wala asiye na dalili asingoje ziwe, kwani kipimo cha kulitafuta jambo hilo mapema ni chepesi: mkunga hupaka siki iliyozimuliwa kwenye shingo ya kizazi, akangoja kama dakika moja, na pale penye mabadiliko hugeuka peupe, pakaweza kutibiwa, katika vituo vingi, siku hiyo hiyo.