Baba, Binti na Mpira wa Miguu

Mara nyingi mzazi humkataza mtoto wake jambo fulani kwa sababu ampenda. Amwona anaelekea mahali ambapo yeye mwenyewe aliumia zamani, basi aifunga njia kabla mtoto hajafika. Je, afanya vema? Swali hili si jepesi. Leo twataka kulitazama kwa msaada wa sinema moja iliyotoka Uingereza mwaka 2002. Jina lake ni Bend It Like Beckham, maana yake: upinde mpira kama Beckham.

Beckham huyo ni David Beckham, aliyekuwa siku zile mchezaji mashuhuri wa Manchester United na wa timu ya taifa ya Uingereza. Alisifiwa hasa kwa mipira yake ya adhabu. Wapinzani walijipanga bega kwa bega kama ukuta mbele yake, naye aliupiga mpira ukauzunguka ukuta ule na kuingia golini. Ushikeni mfano huo, wasomaji wapenzi, kwani ndio ufunguo wa hadithi yote.

Msichana wa Hounslow

Jesminder, ambaye rafiki zake humwita Jess, ni binti wa Wahindi wa Punjab wenye dini ya Sikh, wale ambao katika Afrika ya Mashariki huitwa Makalasinga. Wakaa Hounslow, upande wa magharibi wa mji wa London. Jess apenda mpira kuliko kitu chochote. Hucheza bustanini pamoja na vijana wa kiume, na chumba chake kimejaa picha za Beckham.

Siku moja msichana wa Kiingereza jina lake Jules alimwona akicheza, akamwita katika timu yake ya wasichana. Jess akaingia, akang'aa. Lakini mama yake hakutaka hata kusikia. Alitaka binti yake asome sheria, ajue kupika chapati na mboga za kwao, kisha aolewe katika nyumba ya heshima. Tena aliona ni aibu msichana mzima akimbie mbele ya watu akiwa na kaptura, miguu wazi.

Hapo Jess akaanza kudanganya. Aliwaambia wazazi wake kwamba amepata kazi, kumbe alikwenda mazoezini. Mama yake alimpa fedha za kununua viatu vya arusi ya dada yake, naye akanunua viatu vya mpira. Hata akasafiri na timu mpaka Hamburg, katika Ujerumani, bila ruhusa ya nyumbani. Hatuyasifu mambo haya. Sinema yenyewe haiyasifu, kwani kila uongo ulizaa mwingine, na fadhaa yake ikawafikia watu wote wa nyumba ile.

Jeraha la baba

Sasa tumtazame baba, kwa maana kwa maoni yetu yeye ndiye kiini cha hadithi. Bwana Bhamra si mtu mkali. Ni mpole, mwenye kilemba na ndevu, ampendaye binti yake. Kwa nini basi alimkataza?

Mwalimu wa timu alipofika nyumbani kumwombea Jess ruhusa, mzee akaeleza. Alikuwa kijana Nairobi, huko Kenya. Katika mchezo wa kriketi hapakuwa na mwenzake shuleni kwa kurusha mpira kwa kasi, na timu yao ilitwaa kombe la Afrika ya Mashariki. Kisha akahamia Uingereza. Alipokwenda kwenye vilabu vya kriketi, Waingereza walikicheka kilemba chake, wakamfukuza. Tangu siku ile hakucheza tena. Hakumtaka mtoto wake apigwe na mlango uleule uliompiga yeye.

Tena hofu yake haikuwa ya bure. Siku aliyokwenda kumtazama Jess akicheza, aliona kwa macho yake mchezaji wa timu nyingine akimtukana kwa ajili ya kabila lake. Ndiyo maana hadithi hii yagusa moyo: baba hakosei kwamba hatari ipo. Lililo la kuuliza ni kama dawa yake ni kumfungia mtoto ndani.

Mtunzi wa sinema hii, Gurinder Chadha, aliyajua mambo hayo kwa karibu. Yeye naye alizaliwa Nairobi, mwaka 1960, katika jamaa ya Kisikh, akahamia London pamoja na wazazi wake akiwa mtoto mdogo.

Si Wahindi peke yao

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya Wahindi tu. Mama yake Jules, Mwingereza halisi, naye alihangaika sana kwa sababu binti yake alipenda viatu vya mpira kuliko magauni mazuri.

Waingereza wenyewe walikuwa na mlango wao uliofungwa. Wakati wa vita kuu ya kwanza, wasichana waliofanya kazi katika viwanda waliunda timu za mpira. Iliyovuma kuliko zote ni Dick, Kerr Ladies, timu ya wafanyakazi wa kiwanda katika mji wa Preston. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza Liverpool, katika uwanja wa Goodison Park, mbele ya watazamaji wapata 53,000. Haikupita hata mwaka mmoja, tarehe 5 Desemba 1921, wakubwa wa chama cha mpira cha Uingereza wakatamka kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, wakavikataza vilabu vyao kuwapa viwanja. Katazo hilo lilidumu karibu miaka 50, mpaka lilipoondolewa.

Na leo? Tarehe 31 Julai 2022, wanawake wa Uingereza waliwashinda Wajerumani mabao 2 kwa 1, wakatwaa kombe la Ulaya katika uwanja wa Wembley, mbele ya watu zaidi ya 87,000. Ukuta uliosimama nusu karne ulikuwa umezungukwa.

Siku ya arusi

Turudi kwa Jess. Mchezo wa mwisho ulianguka siku ileile ya arusi ya dada yake, na mtu kutoka Marekani alikuja kutafuta wasichana wa kupewa nafasi ya masomo katika chuo kikuu. Jess alikaa arusini, amevaa vizuri, uso umekunjamana. Baba yake akamtazama, akashindwa kuvumilia. Akamruhusu aende, acheze vema, ila arudi na uso wa furaha kwa ajili ya dada yake.

Jess akaenda. Katika mchezo akapewa mpira wa adhabu. Mbele yake, badala ya wapinzani, akawaona kwa mawazo mama yake, dada yake na shangazi zake wamesimama kama ukuta. Akaupinda mpira. Ukaingia!

Usiku ule rafiki mmoja alijaribu kumsaidia kwa uongo mpya mbele ya wazazi. Safari hii Jess alikataa. Akasema kweli yote: kwamba alicheza, kwamba walishinda, kwamba ameitwa chuoni Marekani. Ndipo baba akasema neno kubwa. Alisema kwamba alipofukuzwa na Waingereza alinyamaza, akaacha kucheza, na aliyeumia ni yeye mwenyewe. Hataki binti yake aungame kushindwa kama yeye; ataka apigane, tena ashinde. Akampa ruhusa.

Twajifunza nini?

Binti alipata ruhusa ya kudumu siku alipoacha kudanganya, na baba aliweza kuitoa siku alipoliangalia jeraha lake bila kulificha. Kila mmoja alimwendea mwenzake nusu ya njia.

Ninyi wazazi, kabla ya kusema hapana, jiulizeni: je, ninamkinga mtoto na hatari iliyo mbele yake, au ninamtwisha machungu yangu ya zamani? Nanyi wanafunzi, semeni na wazazi wenu wazi, mkawaulize nao walipenda nini walipokuwa vijana, na kwa nini waliacha. Huenda mkasikia habari ambayo hamkuitazamia.