Kipaji cha kijana wa Tabora na safari ya chuo kikuu



Tabora ni mji unaoijua safari. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa, kisha ikagawanyika: mingine ikaelekea Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na mingine ikashika njia ya kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa kubeba mizigo ya kiasi cha kilo 30 kwa mwendo wa miezi. Hata hivyo, nguvu za mabega peke yake hazikumtosha mpagazi. Mzigo ule ulikuwa amana ya mtu, na asiyeaminika hakupewa amana mara ya pili.

Leo katika mji huo huo wapo vijana wenye safari nyingine moyoni. Mwaka 2022 mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalifanyika Tabora, na wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali wakakutana hapa kukimbia, kuruka na kucheza mpira. Miongoni mwa vijana wa namna hiyo hakosekani mwenye kimo au kasi iliyopita ya wenzake, anayetamani kulipiwa masomo na chuo kikuu cha Marekani kwa ajili ya kipaji chake. Ndoto hiyo si haramu wala si upuuzi. Swali ni moja: ni kipi hasa kinachomfikisha kijana huko?

Tuwatazame Watanzania waliotangulia. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Alitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mita 10,000 miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Katikati ya masomo hayo, mwaka 1980, aliipatia Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Mbio zilipokwisha hakubaki na kumbukumbu tu. Alifundisha wanariadha na akawa Katibu Mkuu wa chama cha riadha nchini.

Wa pili ni Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, akasoma Makongo, kisha akamalizia sekondari mjini Houston. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wake wa tatu, wa 2008-2009, alikuwa na wastani wa pointi 13.6 kwa mchezo na kuzuia mitupo 4.2, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote walioingia ligi ya NBA, akawa Mtanzania wa kwanza kuicheza. Kufikia mwaka 2014 safari yake katika ligi hiyo ilikuwa imekwisha, akaendelea kucheza kwingineko. Hilo si aibu kwake. Ni funzo kwetu kwamba hata aliyefika kileleni, umri wa mchezo ni mfupi kuliko umri wa mtu.

Aidha, kijana asidhani kwamba urefu wa sentimita 221 ndio uliofungua mlango peke yake. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, NCAA, kina masharti ya masomo. Kwa daraja lake la kwanza, mwanafunzi hutakiwa kuwa na masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 katika kipimo chao cha 4.0. Chuo chenyewe nacho huweza kutaka zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba kijana anayekimbia vipindi vya hisabati ili awahi uwanjani anaifunga kwa mkono wake njia anayoitamani.

Lipo na jambo la uaminifu. Tatizo la mamluki katika michezo ya shule tunalijua: mchezaji asiye mwanafunzi huingizwa kikosini, au umri hupunguzwa ili mkubwa acheze na wadogo. Wengine huuita ujanja. Lakini maombi ya chuo hudai tarehe ya kuzaliwa, mwaka wa kumaliza shule na vyeti vya mitihani, na karatasi hizo husomwa pamoja. Uongo uliosemwa kwa ajili ya kombe la wiki mbili huweza kumfuata kijana miaka mingi. Na kabla ya kuwa kosa la kanuni, ni khiyana.

Ama wazazi wanaochelea kwamba mwana akienda ughaibuni dini itampotea, khofu yao ni ya haki. Wamkumbuke Hakeem Olajuwon wa Nigeria, aliyefika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980. Ramadhani ya mwaka 1995 iliangukia Februari, katikati ya msimu. Alicheza akiwa amefunga, na mwezi huo huo akatangazwa mchezaji bora wa mwezi katika NBA. Mazingira yana nguvu, lakini aliyelelewa akajua anachokisimamia huweza kusimama.

Hivyo, mzazi, usimvunje moyo mwanao kwa kumwambia michezo ni uhuni. Wala usimwache aamini kwamba miguu itamlipia kila kitu. Muulize matokeo ya mechi, kisha umuulize na ya mtihani. Nawe mwalimu, usimfiche darasani mchezaji wako hodari kwa kumsamehe kazi. Huko si kumsaidia. Vijana wanaopata nafasi hizo ni wachache, na wengi watabaki. Aliyebaki na elimu na jina safi hakurudi mikono mitupu, kwani vyote viwili vinampeleka popote, hata kama si Marekani.

Allah awafungulie vijana wetu njia za kheri. Amin.